Umri wa Mzazi Mkuu Ndani ya Seva Thelathini na Moja

Hapo kale, lakini si kale sana, maana watu walikwisha kupata kompyuta na bado walipanga foleni, palikuwa na nchi iitwayo Tumeridhika. Msisumbuke kuitafuta kwenye ramani. Ramani yake ilichapwa mara moja tu, na picha ya kiongozi ikachukua nafasi yote, hata mito ikakosa pa kupita.

Kiongozi huyo aliitwa Mzazi Mkuu. Jina alilopewa na mama yake lilikuwapo, ila kulitamka kulihitaji kibali, na mwenye kutoa kibali alikuwa yeye mwenyewe, naye siku zote alikuwa safarini. Alikuwa mtu mwema. Kila mtu alisema hivyo. Wachache waliosema vingine hawakusikika wakirudia, kwa hiyo bila shaka walibadili mawazo.

Katika nchi hiyo alikuwapo mama mmoja, Bi Sikudhani Mtopa, mtunzaji wa seva za serikali. Seva, kwa asiyezijua, ni kompyuta zisizo na kioo wala adabu ya kumtazama mtu. Hukaa ndani ya chumba cha baridi zikinguruma, na kazi yake ni kuzitumikia kompyuta nyingine na simu za watu wanaopigia ofisi za serikali; simu za mtu na mwanawe hupita kwingine. Tumeridhika ilikuwa nazo thelathini na moja, moja kwa kila wilaya. Bi Sikudhani hakusomea mambo hayo. Aliajiriwa kama mpiga chapa, na siku seva ya kwanza ilipoletwa, wakubwa wote walikuwa kwenye semina ya kujiandaa kuipokea. Yeye peke yake ndiye aliyekuwapo kutia saini. Aliyetia saini ndiye aliyeambiwa atunze. Akajifunza polepole, kama mtu anavyojifunza tabia za mkwe: leo hiki hakipendi, kesho kile kinamnunisha.

Ndani ya kila seva mna kiini. Ndicho programu ya chini kabisa, inayoamua nani apite, nani asubiri, nani apewe nafasi kiasi gani. Na ndani ya kiini mna namba nyingi, lakini sisi tunaitaka moja tu: ile inayoiambia seva ipokee watu wangapi kwa wakati mmoja. Ukiandika elfu, itapokea elfu. Ukiandika kumi, wa kumi na moja atabaki nje hata kama anaungua moto.

Sasa sikilizeni walichokifanya waungwana wale.

Miaka saba kabla ya mambo haya, mkuu wa wilaya ya Ubavuni alitaka kupandishwa cheo. Akaamuru namba ile kwenye seva yake iwe umri wa Mzazi Mkuu, ili hata mashine imbebe moyoni. Wiki haikwisha, akapandishwa. Wenziwe wakaona. Wilaya kumi na saba zikaandika umri. Wilaya nyingine zikaandika umri na kuongeza moja, ya baraka. Mkuu wa wilaya ya Mkokoteni akaandika idadi ya ng'ombe wa Mzazi Mkuu, elfu nne na mia tatu, na huko simu ziliingia vizuri, wagonjwa walifika hospitali, na hakuna aliyejua kwamba anayestahili shukrani ni ng'ombe. Mkuu wa Ng'ambo ya Pili akatoa hoja kwamba Mzazi Mkuu hana mfano wala kipimo, akaandika sifuri. Seva yake ikaacha kumpokea yeyote. Mwaka mzima wilaya ile haikuleta lalamiko hata moja, maana hapakuwa na pa kulipitishia, na mkuu wake akavishwa nishani ya utulivu.

Kila Jumatatu wafanyakazi wa wilaya walikusanyika mbele ya seva yao. Namba ikasomwa kwa sauti, wakaitikia, "Ndivyo alivyo!" Kwa hiyo kuibadilisha kimyakimya hakukuwezekana. Fundi mmoja, Bwana Ngwada, alijaribu. Aliona simu zinakwama, akaandika elfu tano. Jumatatu namba ikasomwa, na Ngwada akashtakiwa kwa kosa la kumzeesha kiongozi. Siku zile alikuwa akihesabu miti katika msitu wa serikali, na kila alipokaribia kumaliza, walipanda mwingine.

*

Bi Sikudhani alikuwa na binti mmoja, Zawena, mwalimu katika wilaya ya Kisima Mbali. Zawena alikuwa mjamzito, mwezi wa tisa. Mimba yake ya kwanza ilifika salama hadi siku ya uchungu. Walipiga simu ya gari la wagonjwa tangu asubuhi, haikupokelewa, wakakodi trekta. Mtoto hakuona hospitali. Safari hii daktari alimwambia, "Uchungu ukianza tu, usingoje. Lazima upasuliwe. Piga simu gari lije."

Seva ya Kisima Mbali ilikuwa na namba sabini na moja, umri kamili, bila baraka. Nafasi arobaini zilikaliwa mchana kutwa na picha za Mzazi Mkuu, zilizoonyeshwa katika ofisi arobaini. Ishirini na tano zilishikwa na mkuu wa wilaya, aliyekuwa na kompyuta ishirini na tano mezani na sakafuni ili wageni wazione. Zilibaki sita kwa wilaya nzima: shule, posta, polisi, hospitali na gari la wagonjwa.

"Mama," Zawena alisema kwenye simu, "leo nimepiga ile namba ya gari, kujaribu tu."

"Wakasemaje?"

"Nimeimbiwa wimbo wa taifa. Beti zote nane."

"Na baada ya ubeti wa nane?"

"Ukaanza upya. Mama, nimeujua wote sasa. Nikifa, waambie nilikufa mzalendo."

"Usinitanie hivyo, mwanangu."

"Nisipotania nitalia, na nikilia mtoto anacheza."

Bi Sikudhani hakuwa wa kukaa akiwaza tu. Kwa miaka sita alikuwa akitengeneza kitu alichokiita Karatasi Moja. Kabla yake, kurekebisha namba moja kulimaanisha kusafiri wilaya thelathini na moja na barua thelathini na moja, na akifika ya mwisho, ya kwanza imekwisha kuharibiwa. Kwa Karatasi Moja, orodha ya namba zote iliwekwa mahali pamoja, makao makuu, na kila seva ikiamriwa, inaisoma na kujipanga yenyewe. Mistari sita. Aliipeleka wizarani mara nne. Mara ya kwanza walimwambia ni fupi mno kuwa ya kitaalamu. Mara ya pili wakamwambia haina jalada. Ya tatu waliipoteza. Ya nne waliipata ile ya tatu.

*

Mambo yakageuka Mzazi Mkuu alipozuru mikoani. Katika juma moja alipita Kisima Mbali, Mkokoteni na Ng'ambo ya Pili, na kila mahali alisomewa namba yake. Alirudi ikulu uso umemvimba.

"Wilaya ya kwanza nina miaka sabini na moja," alinguruma redioni. "Ya pili, mimi ni ng'ombe. Ya tatu, sipo! Mimi ni nani hasa? Nirahisishieni!"

Kesho yake ikaundwa Wizara ya Kurahisisha, ghorofa saba. Mgeni akiingia alitia saini katika vitabu vinne, na kitabu cha tano kuthibitisha kwamba ametia saini vinne. Ilikuwa na Idara ya Kupunguza Idara, iliyokwisha kufungua matawi. Waziri wake alikuwa Mheshimiwa Mshindo Kivumbi, mtu mwenye sauti nene, aliyeweza kusema "habari ya asubuhi" ikasikika kama azimio.

Bi Sikudhani akaitwa. Ukumbini walikuwa wamekaa wakurugenzi kumi na tisa, na viti vyote vimejaa. Alisimama amekumbatia mkoba wake. Mtu mmoja tu aliinuka: Mzee Lugome, Mkuu wa Itifaki, mwembamba, amefunga vifungo vyote hata cha shingoni. Alimsogezea kiti chake bila kusema neno, akaenda kusimama ukutani. Bi Sikudhani alikumbuka baadaye kwamba hata chai ilipoletwa, mzee yule alimpa kwanza mwanamke aliyekuwa anafagia ngazi, ndipo akajimiminia mwenyewe.

"Ndugu wajumbe!" Waziri alianza. "Urahisi si jambo dogo. Urahisi ni jambo zito, pana, refu, na lenye ngazi. Lazima tuuendee urahisi kwa tahadhari, tukiuzunguka, tusije tukaufikia kabla hatujawa tayari!"

Wakapiga makofi.

"Na sasa fikra ya Mzazi Mkuu imetuletea hii." Akainua Karatasi Moja. Ilikuwa imeshapata jalada la ngozi na kurasa mia nne za utangulizi. "Karatasi moja, seva zote!"

"Niliiandika mimi, Mheshimiwa," Bi Sikudhani alisema kwa upole. Hakutaka sifa. Alitaka tu waulize aliyeiandika inavyofanya kazi.

"Ndiyo, mama. Ulishika kalamu. Hongera." Waziri akageukia wajumbe. "Alhamisi ijayo Mzazi Mkuu anatimiza miaka sabini na miwili. Saa nane mchana atabonyeza kitufe cha dhahabu, na seva zote thelathini na moja, kwa pamoja, zitaandika sabini na mbili!"

Bi Sikudhani aliitazama karatasi yake ndani ya jalada la ngozi. Kazi yake mwenyewe ya miaka sita! Kosa lililokuwa likitembea kwa miguu wilaya hadi wilaya, yeye ndiye aliyelipa mabawa. Sasa hata Mkokoteni wangepoteza ng'ombe wao.

"Mheshimiwa, samahani. Ile si namba ya heshima. Ni milango. Ukiandika sabini na mbili, hospitali ya hapa mjini itapokea watu sabini na wawili tu kwa mara moja, na hao hujaa kabla ya saa mbili asubuhi. Wengine wote watabaki nje."

"Wagonjwa sabini na wawili!" Waziri alishangaa. "Wote kwa mara moja? Kwani huko hospitali kunatolewa nini?"

Wajumbe wakacheka. Mkurugenzi wa Kupunguza Idara, Bwana Chitemo, aliyekuwa akichokonoa meno kwa kalamu, akaongeza, "Mama, unataka tuandike ngapi? Elfu tano, kama Ngwada? Msitu una miti ya kutosha."

Hakuna aliyecheka tena. Bi Sikudhani akainama akatafuta leso.

*

Kule nje, kwenye korido, simu yake ililia. Ulikuwa ujumbe wa Zawena: *Daktari anasema wiki hii hii. Umeshawaambia?* Alisoma, akasoma tena, akajifuta macho kwa pembe ya mtandio. Alipoinua uso, Mzee Lugome alikuwa amesimama dirishani, anatazama uwanja kana kwamba ameamriwa kuuhesabu majani.

"Ni binti yako?" aliuliza bila kugeuka.

"Ni yeye, mzee. Yuko Kisima Mbali."

"Mtoto wa ngapi?"

"Wa pili. Wa kwanza..."

"Basi, mama. Nimeelewa." Kisha akasema taratibu, kama anayesoma mahali, "Mimi nimeisoma Itifaki yote, kurasa mia nane. Inakataza kumwongezea Mzazi Mkuu umri. Inakataza kumpunguzia. Hakuna ukurasa unaokataza kumwombea."

Akainamisha kichwa kidogo, akaanza kuondoka. Bi Sikudhani akamwita.

"Mzee Lugome! Dua nayo ina kipimo chake. Ile mashine ya Kisima Mbali ni kongwe, hata feni yake inakohoa. Inabeba elfu sitini. Ikizidishwa hapo, inazimia."

Mzee alisimama, akafikiri.

"Kengele ya kikao huwa naipiga mimi," alisema.

*

Jumatano kikao kilikaa tena kuidhinisha sabini na mbili. Bi Sikudhani akaomba nafasi, wakampa kwa kuwa ilikuwa kabla ya chai na hakuna aliyekuwa na haraka.

"Waheshimiwa, mimi ni mama tu. Kwetu mtoto akitimiza mwaka, hatumwambii, 'Una mwaka mmoja, nenda.' Tunamshika kichwa tunamwombea. Sasa nauliza, kwa ujinga wangu: kesho seva zetu zitamsomea Mzazi Mkuu miaka yake tu, kama karani wa vizazi na vifo? Hazitamtakia hata maisha marefu?"

Kila mmoja aliona hatari ya kunyamaza, na Waziri akaiona kwanza.

"Zitamtakia!" alipaza sauti. "Nani amesema hazitamtakia? Andika! Seva zote zimtakie miaka mia moja!"

"Mia moja?" Bwana Chitemo aliweka kalamu mezani. "Sijui kama nimemsikia vizuri Mheshimiwa Waziri. Anataka kusema Mzazi Mkuu amebakiza ishirini na minane?"

Waziri akatoka jasho. "Mia tano! Nilisema mia tano, ulisikia vibaya."

"Mie nashangaa mia tano," alisema mama mmoja mnene wa Idara ya Fomu. "Kuna kobe wanafika huko. Mzazi Mkuu analinganishwa na kobe? Elfu mbili."

"Elfu kumi!" alisema mwingine.

"Mwenzangu umechoka naye? Elfu ishirini!"

"Elfu ishirini na tano, na afya njema!"

Basi ikawa kama soko la samaki lililofungwa tai. Wengine walisimama juu ya viti. Mzee mmoja wa Idara ya Mihuri, aliyesemekana hajazungumza tangu ateuliwe, alilia machozi na kutaja elfu arobaini. Bi Sikudhani aliketi kimya, mikono juu ya mkoba, anahesabu moyoni. Elfu arobaini ilitosha. Elfu hamsini ilitosha. Lakini walikuwa wanapanda haraka kama maziwa yaliyosahaulika jikoni.

"Elfu hamsini na tano!"

"Elfu sitini!" alisema mama wa Fomu.

Waziri Mshindo Kivumbi akavuta pumzi kubwa, akafungua mikono yote miwili, na kila aliyemjua alijua kwamba sasa linakuja neno lake la maisha.

"Mimi nasema mili..."

Kengele ikalia.

Mzee Lugome aliipiga mara tatu, uso wake umekauka kama cheti. "Itifaki, ukurasa wa mia mbili na sita. Kengele ikilia, wajumbe husimama. Mjumbe aliyesimama hazungumzi. Namba ya mwisho iliyotamkwa ikakamilika ni elfu sitini. Imepita."

"Lakini nilikuwa na..."

"Umesimama, Mheshimiwa."

Waziri akajitazama miguu. Kweli alikuwa amesimama. Akafunga mdomo.

*

Alhamisi ikafika. Uwanja wa taifa ulijaa tangu alfajiri, watoto wa shule wamevalishwa makaratasi ya bluu yaliyoandikwa SEVA. Katikati ya jukwaa kiliwekwa kitufe cha dhahabu, kikubwa kama sinia. Hakikuunganishwa na chochote. Nyuma ya pazia jekundu, juu ya kiti cha plastiki, alikaa Bi Sikudhani na kompyuta yake ndogo. Yeye ndiye angeamuru seva zisome karatasi, pale mkono wa Mzazi Mkuu utakapogusa dhahabu, saa nane kamili.

Saa nne na robo simu yake ikatetemeka.

"Mama. Umeanza."

"Tangu lini?"

"Saa tatu. Nilidhani ni tumbo tu. Nimepiga kule mara kumi na moja, Mama. Wimbo wa taifa." Akahema. "Jirani ameenda kutafuta trekta."

"Usipande trekta, mwanangu. Unanisikia? Usipande. Kaa chini, hema polepole. Ngoja nikuambie upige."

"Ningoje hadi lini?"

Bi Sikudhani alichungulia penye tundu la pazia. Waziri alikuwa anasoma hotuba, ukurasa wa kumi na tisa kati ya mia moja na kumi. "...na ndipo tukajiuliza, urahisi ni nini? Na urahisi si nini? Na yale ambayo si urahisi wala si siyo urahisi, tuyaweke wapi?" Baada yake kulikuwa na ngoma, kwaya nne, gwaride na keki. Mzazi Mkuu mwenyewe alikuwa amefumba macho, pengine akitafakari, kwa maana mdomo nao ulikuwa wazi.

Kumtangulia kiongozi lilikuwa kosa kubwa kuliko kumzeesha. Kwa lile la Ngwada mtu alipewa msitu. Kwa hili hakuna aliyejua mtu hupewa nini, kwa kuwa hakuna aliyerudi kuhadithia.

Akageuka, na Mzee Lugome alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake. Alikuwa amesikia yote. Akaitazama simu, akaitazama kompyuta, akautazama uso wa mama yule. Halafu akalivuta pazia hadi mwisho, tundu likafunikwa, akampa mgongo na kuanza kukagua fundo la kamba ya pazia kama vile ndilo lililomleta duniani.

Bi Sikudhani alibonyeza.

Hakukuwa na radi. Mashine hazina maneno mengi. Moja baada ya nyingine zilijibu kwenye kioo chake: Ubavuni, imesoma. Mkokoteni, imesoma. Ng'ambo ya Pili, iliyokuwa imefungwa mwaka mzima, imesoma, na hapohapo ikaanza kupokea malalamiko ya mwaka mzima. Kisima Mbali ilikawia. Alijua inavyokohoa. Alingoja kwa kuhesabu pumzi za mwanawe kwenye simu, nne, tano, sita.

Kisima Mbali, imesoma. Elfu sitini.

"Piga sasa," alisema. "Kata, upige."

Zikapita dakika mbili. Simu ikarudi.

"Mama! Amepokea mtu! Amepokea, halafu ameogopa. Ameniuliza, 'Wewe umepitaje?' Nikamwambia nina uchungu. Akasema, dada, ngoja nimwamshe dereva, hatujaitwa tangu Mei. Mama, unalia?"

"Silii. Nahesabu pumzi zako."

Gari lilifika baada ya nusu saa. Dereva, ambaye hakuwa amemzoea mgonjwa aliye hai, alimshika Zawena mkono hadi ndani kama bibi harusi, na njia nzima alipunguza mwendo kwenye kila shimo na kuomba radhi kwa niaba ya serikali. Serikali haikumtuma aombe. Alijitolea.

Saa tisa na dakika kumi, baada ya keki, Mzazi Mkuu aliamshwa, akabonyeza kitufe cha dhahabu. Watoto wa makaratasi wakapiga kelele. Mtangazaji akalia kwa furaha kwamba seva zote thelathini na moja zimetii mara moja. Alisema kweli pungufu kidogo: zilikuwa zimetii tangu saa nne na nusu. Ni nchi hiyo tu ambako utii uliweza kuwahi kuliko amri, na hakuna aliyeona ajabu.

*

Ijumaa Bi Sikudhani alifika hospitali ya Kisima Mbali na chupa ya uji. Zawena alikuwa amelala, mshono unamuuma, lakini anacheka kwa taabu. Kando yake kulikuwa na mtoto wa kike, mwekundu, ngumi zimekunjwa, amekasirika kama mtu aliyekatiziwa kikao.

Kwenye dirisha la muuguzi redio ilikuwa inasema. Bunge lilikuwa limekaa kwa dharura. Mheshimiwa mmoja aliuliza inakuwaje Katiba itambue kipindi cha miaka mitano, ilhali seva zote za taifa zinatambua elfu sitini. Hakuna mbunge aliyetaka kuonekana anapinga dua. Wakarahisisha. Uchaguzi ujao, redio ikasema, utafanyika baada ya miaka elfu sitini, na wananchi wanaombwa kujiandikisha mapema ili kuepuka msongamano.

Zawena aliacha kucheka.

"Mama. Si ndiyo ile namba yako?"

"Ndiyo hiyo, mwanangu."

"Elfu sitini!"

"Kulikuwa na mmoja aliyetaka milioni."

Simu yake ikalia. Alikuwa Mzee Lugome.

"Umesikia redio, Bi Sikudhani?"

"Nimesikia, mzee. Tumefanya nini sisi?"

"Tumefanya gari lifike," alisema. "Hayo mengine wangeyafanya tu. Walikuwa wanatafuta namba, na wasingeikosa." Akakohoa. "Mtoto je?"

"Wa kike. Mzima. Ana hasira."

"Alhamdulillahi. Ana kilo ngapi?"

Bi Sikudhani alifungua mdomo kumjibu. Muuguzi alikuwa amempima mbele yake, na namba ilikuwa imeandikwa kwa kalamu kwenye kitambaa kidogo cha mkononi mwa mtoto. Aliitazama. Kisha akaufunika mkono ule kwa shuka.

"Hiyo, Mzee Lugome," alisema, "siitoi kwa mtu yeyote wa serikali."

Akasikia sauti ngeni upande wa pili wa simu. Ilimchukua muda kutambua kwamba Mkuu wa Itifaki alikuwa anacheka.